Tumbusi, Mkwe Wangu na Safari ya Natta

Tangu nirudi, bucha yangu imekuwa baraza. Mtu anakuja kununua nusu kilo ya nyama, anasimama saa nzima, na maswali ni yaleyale: Mama Bhoke, kweli ulimpeleka tumbusi Natta kwa gari? Kweli ulimkalia? Na mkweo Chacha alifikaje huko? Juzi nusura nijikate kidole nikijibu. Kwa hiyo naandika mara moja, majirani zangu wa Nkende msome, na atakayeniuliza tena anunue nyama kwanza.

Mambo ya vibali na barua za maliasili nitayaruka. Yalinichosha yalipokuwa yanatendeka, na hayana utamu wowote wa kusimuliwa.

Ndege mwenyewe mnamkumbuka. Nilimkuta kule Nyarero, nyuma ya machinjio ninakochukua nyama, asubuhi iliyofuata ile mvua ya mawe. Alikuwa amekaa kwenye tope, amelowa chapachapa, bawa moja linaning'inia, na vijana walishaanza kumrushia mawe. Niliwafukuza nikiwa na kisu cha kazi mkononi, nikamfunika gunia. Sikuwa na mapenzi yoyote na tumbusi. Niliona tu kwamba yeye na mimi tunaishi kwa ng'ombe walewale, na roho ikanikataza kumwacha mtu wa kazi yangu apigwe mawe.

Akakaa stoo kwangu mpaka bawa likapona. Nyinyi mlisema ananuka. Ananuka akiwa anakula, kama sisi buchani. Akimaliza anataka maji. Nilimwekea karai, akaingia mzimamzima, akatumbukiza kichwa na ile shingo ndefu isiyo na manyoya ya maana, akajisugua kuliko wapangaji wangu wengi. Jua likitoka alisimama mlangoni akafungua mabawa, mapana kuliko mlango wenyewe, akatulia hivyo mpaka yakauke. Kuku walipita mbele yake na hakuwagusa hata siku moja. Tumbusi hana kucha za kuua. Miguu yake ni ya kutembelea, na kazi yake ni kungoja. Joto likizidi anajichafulia miguu kwa kinyesi chake mwenyewe ili apoe, jambo ambalo simshauri mtu.

Halafu yakaja maneno ya dhahabu. Tangu rashi, yaani mbio za dhahabu, ianze kule karibu na Nyamongo, nusu ya vijana wa huku wamehamia kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia, na Chacha, mume wa binti yangu Bhoke, naye alikwenda na wenzake. Huko kukazuka habari kwamba tumbusi anaona vilivyofichika, ndiyo maana mnyama akifia porini yeye anajua upesi. Kwa hiyo mchimbaji akilalia kichwa cha tumbusi, ndotoni ataonyeshwa mahali dhahabu ilipo. Watu nisiowajua wakaanza kuja buchani, hawataki maini wala mbavu, wanataka kichwa. Nilibadilisha kufuli ya stoo, nikaona kufuli peke yake haitoshi.

Mdogo wangu Wankuru ameolewa Natta, anapika kwenye kambi ya watalii. Aliniambia kwa simu kwamba huko tumbusi wamejaa, na askari wa wanyamapori wamekubali huyu wangu aachiwe hukohuko. Nikaamua kumpeleka mwenyewe.

Nkende hadi Nyamwaga

Gari lilikuwa Canter ya Ochieng, Mjaluo wa upande wa Migori, anayepakia soda na chumvi Sirari na kusambaza madukani mpaka Mugumu. Tulilipandisha tenga lenye ndege kati ya kreti za soda, nikalifunika gunia.

"Mama Bhoke, hii ndege isinichafulie mzigo," Ochieng akaniambia. "Watu watasema ati nauza soda ya maiti."

Nilimwambia aendeshe. Lakini Ochieng haendeshi, anatembelea ndugu. Kila duka tulisimama, akashusha kreti, akauliza hali ya mgonjwa wa familia hiyo, akapewa kikombe cha chai, akaninyooshea kidole akisema, "Mama yangu ndiye huyu, mpeni na yeye." Kabla hatujafika Nyamwaga nilikuwa nimeshakunywa chai ya maziwa mpaka tumbo linasikika likitembea.

Nyamwaga tairi likapasuka. Wakati Ochieng anahangaika na jeki, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akasogea, akasikia kitu kinapumua kwenye tenga.

"Bata mzinga huyo?" akaniuliza. "Nina harusi ya binti. Niuzie."

"Shikamoo, mzee. Hauzwi."

"Marahaba. Kila kitu kinauzwa, mama. Ninyanyulie gunia nione unene wake."

Nikaona njia fupi ni kumnyanyulia. Tumbusi akanyoosha shingo, akamkodolea jicho, akapuliza ule mlio wake wa pumzi. Mzee alirudi nyuma mpaka akaegemea mgomba, akavua kofia.

"Mama," akasema, "kwenye harusi yako walikula hiki?"

Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Alitusaidia kufunga tairi, akatuletea ndizi za kuchoma, na hakulisogelea tenga tena.

Kwenye rashi

Sikupenda kupita huko, ila barabara ya Mugumu ndiyo hiyo, na Ochieng alikuwa na wateja kilimani. Kama hamjafika, basi ni maturubai juu ya maturubai, makarasha yanasaga mawe kutwa kucha, na vumbi jeupe mpaka kwenye kope za watoto. Kilima chote kimetobolewa. Niliketi kwa mama mmoja muuza chakula, nikala ugali wa muhogo na dagaa, nikaangaza macho kama nitamwona Chacha. Sikumwona, nikashukuru. Sikutaka anione na yule ndege.

Mpakuaji mmoja, akitafuta kreti ya mwisho, akavuta gunia.

"Tumbusi!" akapiga kelele. "Tumbusi mzima, jamani!"

Niliacha ugali hapohapo. Nilipofika kwenye gari watu walishaanza kujaa. Sikuwa na silaha, ila kilo ninazo, mnanijua. Nikapanda juu, nikalikalia tenga. Tumbusi akaanza kunidonoa kutoka chini. Nikavumilia.

Nikasikia sauti kutoka chini, kando ya gari. "Pisheni, mura! Nyie shikeni miguu, shingo niachieni mimi!" Mtu akakanyaga tairi, akajivuta, kichwa kikatokeza juu ya ubao. Macho yakagongana. Alikuwa Chacha. Aliachia ubao akaanguka chali, akainuka haraka, akanipa mgongo.

Kama kuna asiye Mkurya atakayesoma haya, namweleza. Mura ni kijana. Kwetu mkwe na mama wa mke hawatazamani usoni, hawashikani mikono, na maneno yao hubebwa na mtu wa kati. Mahali nilipokaa mimi, yeye hagusi. Kanisani tunaambiana kwamba hayo ni ya zamani, lakini mchungaji wetu mwenyewe akimwona mama mkwe wake anakuja hujificha nyuma ya mlango. Na waliotahiriwa pamoja na Chacha, mimi ni mkwe wao pia. Basi wenzake wote wa shimo lao, wanaume wenye sururu, wakageuka kunipa migongo. Mtu wa kati akabaki kuwa Ochieng.

"Anakusalimu shikamoo," Ochieng akasema.

"Nimemsikia. Mwambie marahaba. Muulize nyumbani kwake anapakumbuka?"

Ochieng akageuka. "Mama anauliza kazi inaendaje."

"Sikusema hivyo!"

"Mama, wacha niipeleke polepole. Huyu jamaa ameanguka sasa hivi."

Chacha alijibu akiutazama mlima. "Mwambie mama shimo limetushinda. Tumekwenda chini sana, tunakuta mwamba mtupu. Ng'ombe wangu wote wameishia humu. Nikirudi mikono mitupu nitamtazamaje Bhoke? Sitaki mengi. Nipewe kichwa tu, mwili mama arudi nao."

Kichwa tu! Nilitaka kumjibu kwa ukali, nikayaona mabega yake. Yule kijana aliyekuja kuoa kwangu alikuwa na mabega ya kubeba mlango. Sasa shati lilikuwa linaning'inia kama limetundikwa msumarini, na visigino vyake vilipasuka vikajaa udongo mweupe. Nilimhurumia sana. Lakini chini yangu kulikuwa na kiumbe niliyemlisha kwa mkono wangu, naye alikuwa anapumua.

"Mwambie hapana," nikasema. "Mwambie nampenda, ila hapana."

"Mama amekataa," Ochieng akamwambia, "lakini anakupenda."

Hapo ndipo wachimbaji wengine, wageni kutoka mbali, walipochoka na mambo yetu. Mmoja akasema, "Sisi hatujaoa kwake," akakanyaga tairi. Chacha aligeuka kama umeme, akamshika mkanda, akamshusha.

"Mura, ukigusa alipokaa mama mkwe wangu, tutazikana leo!"

Rafiki zake nao wakalizunguka gari, migongo kwangu, sururu mbele. Nilimwona Chacha akielewa alichokifanya wakati kinywa chake bado kiko wazi. Alikuwa amekilinda kichwa alichokitaka. Wenzake wakanong'ona, mmoja akaja kwa Ochieng: wale wageni wana pikipiki, watatufuata, na ni aibu mkwe kuliacha gari la mama peke yake. Chacha akapanda nyuma na panga lake, akakaa kwenye kreti tupu, uso kule tulikotoka.

Mto

Shida ikawa mpya. Ochieng anaendesha mbele, mimi na Chacha tuko nyuma, mtu wa kati hayupo. Tulikwenda kimya mpaka tukavuka daraja la Mto Mara. Kwenye miti mikubwa ya mtoni walikuwa wamekaa tumbusi, wengi, kila mmoja ameinamisha kichwa. Huyu wangu akawaona kupitia matundu ya tenga, akaanza kutapatapa.

Sikuweza kuvumilia. Nikainama. "Ndege," nikasema, "mwambie mtu aliyekaa pale kwamba hao ni ndugu zako."

Chacha akakohoa. Kisha akajibu, akizungumza na barabara nyuma yetu. "Ndege, mwambie mama nimewaona."

Ndivyo tulivyozungumza njia nzima. Nilimwambia tumbusi, ili amwambie mkwe wangu, yale niliyoelezwa na Wankuru na mengine niliyoyaona mwenyewe. Kwamba jike hutaga yai moja tu, na mume na mke hulilalia kwa zamu. Kwamba asubuhi hawezi kuruka mbali mpaka ardhi ipate joto na hewa ianze kupanda. Kwamba akishafika juu hapigi bawa, anabebwa tu.

"Ndege, muulize mama, mnavionaje vilivyofichika?" Chacha akauliza.

"Ndege, mwambie hamvioni. Kila mmoja anazunguka kwenye eneo lake, anamtazama mwenzake. Mmoja akishuka, wa pili anajua kuna kitu, anamfuata. Wa mbali naye akiona hivyo anakuja. Wengi wanafika nyama imeshaisha."

Wale wa pikipiki walitufuata mpaka kwenye mteremko mmoja, wakamwona Chacha amekaa pale na panga magotini, wakageuza.

"Ndege," hatimaye akasema, "mwambie mama hata sisi tulikuja hivyohivyo. Mimi nilimwona mwenzangu Marwa anakimbia, nikakimbia."

Mugumu

Tuliingia Mugumu jioni, tumejaa vumbi. Tulikula nyama choma na kichuri, ule mchuzi mchungu unaotoka kwenye tumbo la ng'ombe. Mimi nilikaa ndani, Chacha nje ukutani, Ochieng akipita katikati na sahani. Mama mwenye kibanda aliposikia tumebeba nini hakushtuka hata kidogo. Alisema, "Sisi tunakula kichuri, yeye anakula matumbo. Mpe na yeye, ni mtu wa kwetu."

Mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyekataa. Ndege haingii chumbani. Ikabidi tenga libaki kwenye gari, na kwenye gari walilala Ochieng na Chacha. Sikulala vizuri. Nilimwamini mkwe wangu na sikumwamini. Alikuwa na panga, na kilichokuwa kimemzuia mchana kilikuwa makalio yangu, ambayo sasa yalikuwa kitandani.

Asubuhi nilitoka kabla ya chai. Tumbusi alikuwa hai, na juu ya tenga kulikuwa na koti la Chacha.

"Hakulala," Ochieng akaniambia pembeni. "Alikuwa ameketi tu, anaitazama. Ati anangoja imwonyeshe kitu."

Sikujua kama hiyo ni habari njema.

Natta

Wankuru alitupokea kwa vigelegele, na ugali wa mtama, na kuku, na maziwa ya mgando. Kisha akaleta beseni la mapafu na mafuta ya ng'ombe. "Mgeni haondoki na njaa," akasema, na mimi Mkurya mwenzake niliona kasema sawa kabisa. Nilimkatia tumbusi vipande mwenyewe. Alikula, nikamwongezea, akala tena. Nilikuwa namuaga. Nilimpa na maini niliyonunua Mugumu kwa ajili ya dada yangu.

Askari wa wanyamapori alitupeleka kwenye mbuga nje ya kijiji, mahali pana, nyasi fupi, jua limeshawaka. Nikafungua tenga. Tumbusi akatoka, akatembea hatua chache, akajaribu kuruka, akaanguka kifudifudi. Chini ya shingo palikuwa pametuna kama amemeza tikiti.

"Mmemlisha nini?" askari akauliza.

Tukamwambia. Alicheka mpaka akaegemea gari lake. Kumbe tumbusi akishiba kupita kiasi hawezi kuinuka, lazima akae chini mpaka chakula kishuke. Dada wawili wa Kikurya tulikuwa tumemkarimu mpaka tukamfunga. Askari akasema tungoje, akaenda kivulini na Ochieng. Wankuru akarudi kwenye jiko lake. Nilikaa kwenye nyasi namlinda, jua likazidi, chai niliyokunywa asubuhi kwa Wankuru ikanizidi nguvu. Nikaenda nyuma ya vichaka.

Niliporudi, Chacha alikuwa amechuchumaa mbele ya tumbusi. Hapakuwa na mtu kati yao, na panga lilikuwa mkononi mwake. Mkono mwingine alikuwa ameunyoosha taratibu kuelekea shingoni. Ndege alishindwa kukimbia, alikuwa anarudi nyuma tu, anaburuza tumbo lake. Sijui Chacha alitaka nini. Nimemfikiria sana tangu nirudi, na bado sijui. Nilikuwa mbali mno kumfikia. Nilikimbia tu, na viatu vyangu vikapiga kelele kwenye changarawe.

Tumbusi akatapika. Alitapika kila kitu, mapafu, mafuta, maini ya dada yangu, yote magotini kwa Chacha. Wakati huohuo Chacha alisikia hatua zangu, na mazoea yakamshinda. Panga likaanguka, akageuka, akanipa mgongo.

Ndege alikuwa mwepesi sasa. Alirukaruka, akapiga mabawa, akapita juu ya nyasi karibu mno na ardhi hata nikadhani ataanguka tena. Hakuanguka. Alizidi kupanda, akafika mahali akaacha kupiga mabawa, akaanza kuzunguka polepole, hewa inambeba. Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Nilifurahi kama siku Bhoke alipozaliwa.

Na Chacha alikuwa amesimama pale, anachuruzika uchafu, macho ardhini, haoni chochote.

Tangu amwoe binti yangu sikuwahi kumtaja kwa jina mbele yake.

"Chacha," nikasema. "Geuka."

Akatikisa kichwa.

"Usinitazame mimi. Tazama juu."

Akageuka taratibu, kiganja amekiweka kando ya jicho ili asinione, akainua uso. Tulisimama bega kwa bega, mtu na mama mkwe wake, kama watu wasio na kabila. Tumbusi alikuwa ameshakuwa mdogo. Wengine wawili walitokea upande wa mto wakaja kuzunguka naye.

"Mama," akaniambia, mwenyewe, bila mtu wa kati, "anaona nini kule juu?"

Ningeweza kumpa jibu tamu. Nilimwonea huruma mno kumpa jibu tamu.

"Shimo lako," nikasema. "Anaona halina kitu."

Akashusha kiganja. "Najua," akasema. "Nimejua siku nyingi."

Akalia palepale mbele yangu, mwanaume mzima, na mimi sikumgeuzia mgongo.